Kiwambo cha Kijani

Ingia duka la vitambaa Kariakoo, omba kitambaa cha grin skrini. Muuzaji atashusha jora la kijani mezani na kukuuliza mita ngapi. Amekusikia, ila jina ulilomtajia limembebea rangi peke yake. Halikumwambia kwamba kitambaa kisimeremete, kisipitishe mwanga, wala kwamba kitavutwa pembe zote nne hadi kinyooke. Wengine husema pazia la kijani, na jina hilo nalipinga waziwazi, maana pazia huning'inizwa, na kinachoning'inia hujaa mikunjo.

Tazama mkunjo mmoja kwa karibu. Mgongo wake unapokea taa na kupauka. Bonde lake linaingia kivuli. Macho yetu yanasamehe, yanaona kitambaa kilekile. Programu ya kuhariri, ambayo kazi yake ni kuondoa kijani ili picha nyingine ikae nyuma ya mtu, haisamehe: kwake hizo ni rangi mbili, pengine tatu, na ukiiamuru iondoe moja, nyingine zinabaki zikichezacheza nyuma ya kichwa cha msomaji wa habari. Kisha mhariri anakesha akifuta kwa mkono kile ambacho pasi ya dakika kumi ingemwondolea.

Ndiyo maana nalipenda neno kiwambo. Wengi wanalijua siku hizi kwa maana ya skrini ya kompyuta, lakini mzizi wake ni kuwamba: ngoma huwambwa kwa ngozi, kitanda huwambwa kwa kamba. Kilichowambwa kimekaza, hakina ulegevu. Mwambie kijana wa studio "wamba kitambaa" na umeshamfundisha nusu ya kazi: abane katikati ya upande mmoja, aende upande unaoukabili, avute, ndipo amalizie pembe. Akianzia pembeni, ulegevu wote utamkusanyikia katikati, pale hasa atakaposimama mtu.

Rangi nayo ina maneno yake. Kijani tunachokisema dukani ni kipana mno. Kinabeba jani la mgomba, sare ya shule na chupa ya soda. Kamusi zimehifadhi chanikiwiti, na hilo kiwiti ni kibichi cha lahaja za kaskazini. Ubichi huo ndio tunaoutafuta: kijani kikali, kisichoelekea unjano wala uzeituni. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi tititi, maji ya kunde au nyeupe, huegemea wekundu na rangi ya chungwa, kwa hiyo chanikiwiti iko mbali nayo na ni rahisi kuzitenganisha. Kamera ya dijitali pia inaipendelea. Katika mpangilio wa vichujio vya rangi juu ya kihisi chake, ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hataza yake mwaka 1976, nusu ya vichujio ni vya kijani, na nyekundu na buluu hugawana nusu iliyobaki.

Enzi za mkanda wa filamu, buluu ndiyo iliyotawala. Mtaalamu wa madoido ya filamu Larry Butler aliitumia kama mandharinyuma katika The Thief of Bagdad ya 1940, kazi iliyompa tuzo ya Oscar, na mwenzake wa fani hiyo Petro Vlahos akaiboresha mbinu hiyo kwa ajili ya Ben-Hur ya 1959. Haijastaafu. Mchambuzi wa soka akija na jezi ya kijani na njano ya Yanga, mbele ya kiwambo cha kijani atabaki kichwa, mikono na mistari ya njano. Huyo mtandikie buluu. Usimletee kaniki, imezama mno kwenye weusi.

Kwenye vitambaa ndiko istilahi inapopoteza watu fedha. Maelekezo ya Kiingereza husifu muslin, nasi kamusini tunakuta melimeli. Lakini melimeli yetu ni ile nyembamba ya kilemba, ambayo ukiinyanyua mbele ya dirisha unaona vidole vyako upande wa pili. Wamarekani kwa jina hilohilo la muslin huita pia pamba nzito ya mfumo sahili, isiyong'aa, na hiyo sisi tuna jina lake tangu karne ya 19, wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walipoishusha Unguja: marikani. Kwa hiyo omba marikani nzito iliyotiwa rangi, wala usione haya kwamba ni neno la bibi zetu. Ina kasoro yake, hukunjika upesi. Kitambaa cha kuvutika, kile cha laikra kinachoshonewa nguo za mazoezi, huwambika vizuri zaidi, na kidogo kilichobaki cha mkunjo hupotea kikivutwa.

Atlasi na satini ziache. Washa tochi ya simu, ilaze karibu na kitambaa, umulike kwa mshazari: ukiona doa jeupe linatembea kila unaposogeza mkono, rudisha jora. Ukutani kanuni ni hiyohiyo, rangi ya maji, kamwe isiwe ya mafuta.

Wateja huuliza "hiki hakichuji?" Swali zuri, ila studio ina uchujaji wa namna nyingine usiohitaji maji: mwanga unagonga kijani na kumrudia mtu shavuni na kwenye ncha za nywele. Hapo kitambaa hakina kosa. Msogeze mtu mbele mita 2 au zaidi, kiwambo kipewe taa zake na yeye apewe zake.

Upana wa kitambaa uliozoeleka madukani ni inchi 45 au 60, kwa hiyo picha ya mwili mzima itadai mshono, na mshono hutupa kivuli chembamba kinachoonekana. Anayeuogopa hununua karatasi ya studio, yenye upana wa mita 2.72. Karatasi haiwambwi, huteremshwa kutoka kwenye bomba lake, ikapinda taratibu chini hadi sakafuni pasipo kona, na ikichafuliwa na viatu hukatwa kipande hicho, kingine kikateremshwa.