Bunduki Isiyo na Namba Haina Mwenyewe

Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kule Zanzibar, Euan-Smith, alionya kuwa bunduki zinazopita kisiwani kwenda bara zingeweza kufika 80,000 hadi 100,000 kwa mwaka. Nyingi zilikuwa mitumba ya majeshi ya Ulaya. Majeshi hayo yalikuwa yameacha bunduki za kushindilia baruti mdomoni na kununua za kupakia kwa nyuma, na zile kuukuu zikatafutiwa soko huku kwetu. Zilifuata misafara ya pembe na watumwa hadi Tabora na Ujiji.

Mimi ni fundi wa kuchonga namba, Gerezani, Dar es Salaam, jirani na soko la Kariakoo. Wenye magari huniletea taa na vioo vya pembeni niwachongee namba ya gari, ili mwizi akivibandua akose pa kuviuza. Kazi hii ndiyo iliyonivuta nikaanza kusoma habari za bunduki za magendo, maana dawa yake ni hiyo hiyo: chonga, andika, fuatilia.

Dawa hiyo si ya leo. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikataza kuingiza bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, isipokuwa kwa wachache wenye kibali. Bunduki zao zilitakiwa zisajiliwe na kupigwa alama, na kibali kitaje jina la mwenyewe pamoja na alama hiyo. Lakini sheria ilikuwa na jicho moja, kwa kuwa askari wa serikali za kikoloni waliachwa nje ya katazo. Baada ya vita ya Maji Maji dhidi ya Wajerumani watu wa kusini walinyang'anywa silaha, na haikupita miaka kumi wazee wetu wakatwikwa masanduku ya risasi katika vita ya wakubwa, ile ya kwanza ya dunia. Waingereza walipouteka mji huu mwaka 1916, wapagazi wa jeshi lao walipigiwa kambi hapa hapa Kariakoo.

Vita vya miaka ya 1990 vya Somalia, Rwanda, Burundi na Kongo vilimwaga bunduki upya. Machi 2000 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, zilitoa Azimio la Nairobi kuhusu silaha ndogo, na tarehe 21 Aprili 2004 zikatia saini Itifaki ya Nairobi. Itifaki ilitaka bunduki iwe na alama tangu kiwandani. Ikiingizwa nchini iongezewe alama ya nchi na mwaka. Na za serikali nazo zichongwe. Hapo ndipo mwaka 2004 ulipoushinda mwaka 1890, kwa sababu safari hii serikali ilikubali kujihesabu yenyewe.

Mwaka 2005 ikaundwa RECSA, asasi ya kikanda ya silaha ndogo yenye makao yake Nairobi, isimamie kazi hiyo. Iligawia nchi wanachama mashine za kuchonga na kuwafundisha watu kuzitumia. Ndani ya mashine mna sindano ngumu inayoongozwa na kompyuta, inagonga chuma nukta kwa nukta mpaka herufi itoke. Kazi ya sindano naijua. Ukigonga juu juu, tupa itaifuta. Ukigonga palipo pembamba, umeua kifaa. Na alama kuu huwekwa kwenye mwili wa bunduki wenyewe, kwa kuwa vipande vinavyofunguka huweza kubadilishwa.

Na chuma kikigongwa, hukandamizika ndani zaidi ya jicho linavyoona. Jambazi akisugua namba kwa tupa, mtaalamu wa maabara hupang'arisha pale, akapaka tindikali kidogo kidogo. Palipokandamizwa huliwa tofauti na pembeni yake, na namba iliyodhaniwa imekufa hujitokeza tena. Mashine peke yake haikufundishi hilo. Inahitaji mtu aliyekaa na mwalimu, akakosea kwenye vyuma vibovu, akarudia.

Usiku wa 12 Julai 2015 kituo cha polisi cha Stakishari, Ukonga, kilivamiwa, askari wakauawa, bunduki zikachukuliwa. Mwezi huo huo baadhi zilipatikana zimefukiwa Mkuranga. Ili useme hii ni ya Stakishari, lazima usome namba kisha ufungue daftari. Namba isipokuwemo daftarini, umeshika chuma tu.

Mwaka huo huo tulipata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi, badala ya ile ya 1991. Mwaka 2016 wamiliki wa Dar es Salaam waliitwa polisi kuhakiki silaha zao, na mwaka 2022 serikali ikatoa msamaha kwa watakaosalimisha za magendo. Hatua nzuri zote, ila kila moja inasimama juu ya karani anayenakili namba kumi bila kuruka moja, na ofisi inayomjibu mwenzake wa Kigoma au Bujumbura siku anapouliza. Wafadhili hupenda kupiga picha na mashine. Ningependa fedha nyingi zaidi ziende kwa karani huyo na kwa mwalimu wake, kwa sababu siku bunduki itakapookotwa vichakani, wao ndio watakaotwambia ilitoka mkononi mwa nani.