Dzaleka: watu, vyakula na taasisi za mji usioitwa mji

Katika wilaya ya Dowa, umbali usiozidi kilomita 50 kaskazini mwa Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kwa wasikilizaji wengi wenye asili ya Kongo, Burundi na Rwanda wanaoishi leo Australia, Kanada au Marekani, jina hilo si geni. Wapo waliosomea huko, waliofunga ndoa huko, na waliozaliwa huko kabla ya familia zao kupewa makazi mapya.

Kutoka gereza hadi kambi

Enzi za Rais Kamuzu Banda, Dzaleka ilikuwa gereza walikofungwa wapinzani wa serikali. Jina lenyewe, kwa Kichewa, ni kiapo cha mtu aliyeadhibiwa: sitarudia tena. Mwaka 1994, mwaka ule ule Banda aliposhindwa katika uchaguzi wa vyama vingi, mahali hapo palifunguliwa kuwa kambi ya watu waliokimbia vita na mauaji katika eneo la Maziwa Makuu.

Kambi ilikusudiwa kupokea watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000. Zaidi ya nusu yao wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Wengine ni Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Wasomali. Kiswahili ndicho kiungo cha wengi wao sokoni, makanisani na misikitini.

Watu mashuhuri

Anayejulikana zaidi ni Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki Mkongo atumiaye jina la Menes La Plume. Mwaka 2014 alianzisha Tamasha la Tumaini, linalofanyika ndani ya kambi yenyewe. Kwa siku kadhaa, wasanii wa Malawi na wa kigeni hupanda jukwaani pamoja na wakimbizi, na wageni wanaotaka hulala katika nyumba za wakimbizi, wakala chakula chao na kusikiliza simulizi zao.

Mwingine ni Innocent Magambi, Mrundi aliyezaliwa ukimbizini na kuishi katika kambi za nchi kadhaa. Aliasisi shirika la There Is Hope, linalotoa ufadhili wa masomo ya chuo na mafunzo ya ufundi kwa wakimbizi na pia kwa Wamalawi wa vijiji jirani.

Vyakula

Jikoni ndiko mataifa ya kambi hukutana bila mkutano. Ugali wa mahindi, ambao wenyeji huuita nsima, Mkongo wa Kivu huuita bugali na yule wa Lubumbashi bukari. Naye akipata unga wa muhogo, huuchanganya ili ufanane na ule wa nyumbani. Mchicha wa Mtanzania ni lengalenga kwa Mkongo na bonongwe kwa Mmalawi. Kisamvu, kiitwacho sombe, hupikwa na Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, kila mmoja akidai chake ndicho halisi. Usipa, samaki wadogo wa Ziwa Malawi, wameshika nafasi ya dagaa wa Tanganyika. Waethiopia nao wameleta injera.

Hata hivyo, si kila sufuria hujaa. Msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani umepunguzwa mara kadhaa kwa uhaba wa fedha, na kaya nyingi hutegemea biashara ndogo ili kufika mwisho wa mwezi.

Taasisi

Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi limesimamia elimu kambini kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Dzaleka ilikuwa miongoni mwa kambi za kwanza kupata masomo ya chuo kikuu kwa njia ya intaneti, stashahada ikitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Kambi ina redio yake ya jamii, Yetu, na kituo cha afya kinachotibu wakimbizi na wanavijiji wa jirani pia.

Mpaka wa kisheria

Malawi iliridhia Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 katika mwaka 1987, lakini iliweka masharti kuhusu haki ya kufanya kazi, kumiliki mali na kwenda popote. Kwa sababu hiyo mkimbizi hutakiwa kuishi kambini. Kwa miaka mingi, hata hivyo, wengi walifungua maduka Lilongwe na kwingineko.

Machi 2023 serikali iliwaamuru warudi Dzaleka kabla ya tarehe 15 Aprili. Mwezi Mei polisi walianza kuwakamata waliobaki mijini. Maduka yalifungwa, watoto wakaachishwa shule, na familia zilizokuwa zikijitegemea zikarudi kupanga foleni ya msaada katika kambi iliyokwisha kufurika.

Nafasi za kupelekwa nchi ya tatu ni chache mno zikilinganishwa na waombaji. Mtoto anayezaliwa Dzaleka na wazazi wakimbizi hapati uraia wa Malawi kwa kuzaliwa tu. Wapo waliofikia utu uzima, wakaoa na kupata watoto, bila kuijua nchi nyingine. Na bado, kisheria, nyumbani kwao si hapo.