Mafumbo ya Mbwaa: chemshabongo za kale za Wameru

Kabla vitabu vya hesabu havijafika kwenye miteremko ya Mlima Kenya, wazee wa Meru walikuwa na chemshabongo zao, na walizisimulia kama sehemu ya historia ya jamii nzima. Zimo katika masimulizi ya Mbwaa, mahali ambapo mababu wa Wameru wanasemekana kuishi chini ya Nguo Ntune, watawala wa mavazi mekundu. Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyechapisha masimulizi hayo mwaka 1993, anainasibisha Mbwaa na kisiwa cha Manda, karibu na Lamu, na kuuweka uhamaji wa Wameru katika miaka ya mwanzo ya karne ya 18.

Watawala hao, wasema wazee, waliwatwika watu masharti ambayo hawakutarajia yatimizwe. Wasimulizi hutofautiana, lakini haya yanajulikana sana. Leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya juu na chini. Leteni ndama anayetoa kinyesi cheupe. Leteni mbwa mwenye pembe. Litoeni tunda lililo ndani ya shimo refu bila kulishika wala kulichoma. Msomaji, tua hapa kwanza ujaribu mwenyewe.

Aliyewaongoza watu kupata majibu ni Koomenjoe, mzee wa hekima. Kwa kiatu, walitumia ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, ambayo ikikatwa huwa na manyoya pande zote mbili. Ndama walimnyima majani wakamlisha maziwa matupu, na kinyesi kikawa cheupe. Mbwa walimbandika pembe za swala. Shimo walilijaza maji, tunda likaelea hadi juu.

Hapa hapakuwa na uchawi. Katika fumbo la shimo, Koomenjoe aliyapima maneno ya sharti: limekataza nini, na limeacha nini? Mkono ulikatazwa, ncha ilikatazwa, maji hayakutajwa. Katika fumbo la ndama alianzia mwisho akarudi nyuma: kinyesi hutokana na chakula, basi kibadilishwe chakula. Hizo ndizo njia mbili ambazo mwalimu wa hesabu humfundisha mwanafunzi hadi leo, kusoma swali neno kwa neno na kuanza na jibu linalotakiwa.

Kisha likaja sharti la mkuki mrefu wa kugusa mbingu. Wazee walilipima wakaona halina njia. Wakawatoa watu wao Mbwaa wakavuka maji, na kwa kumbukumbu hiyo ya kuvuka, koo za Wameru zikagawanywa kuwa nyeusi, nyekundu na nyeupe. Kutambua kwamba swali halina jibu nako ni ushindi wa akili. Mwaka 1736 mwanahisabati Leonhard Euler alithibitisha kwamba mtu hawezi kuzunguka mji wa Königsberg akavuka kila daraja kati ya madaraja yake saba mara moja tu. Uthibitisho huo ulifungua tawi jipya la hisabati.

Masimulizi ya Mbwaa yaliandikwa pia na Bernardo Bernardi katika kitabu chake kuhusu Mugwe, kiongozi wa kiroho wa Wameru, kilichotoka mwaka 1959. Upande wa Embu, Ciarunji Chesaina alichapisha mwaka 1997 kitabu cha fasihi simulizi ya Waembu na Wambeere, jamii ambazo nazo zina hazina ya vitendawili, viitwavyo ndai.

Kwa hiyo hakuna sababu ya mtoto wa Meru au Embu kuamini kwamba fikra za kimantiki ni mali ya kigeni. Walimu na wazazi, wapeni watoto mafumbo haya bila majibu. Waacheni wabishane, wakosee, wajaribu tena, na kila atakayejibu aulizwe amefikaje hapo. Kisha waendeeni babu na nyanya waliobaki, mwandike yale ambayo bado hayajaingia kitabuni.