Saa ya babu na kikombe cha bati

Mlima umejificha tangu juzi, testi zimeisha, basi leo tupige stori ya historia kidogo.

Chukua kikombe cha bati cha bibi, kile cheupe chenye ukingo wa bluu. Weupe ule si rangi ya kupaka. Ni enameli, yaani unga wa kioo ulioyeyushwa juu ya chuma kwenye tanuru. Ndiyo maana kikianguka kinabanduka vipande. (Ile bluu ni kobalti, madini ambayo leo sehemu kubwa duniani inachimbwa hapo jirani Kongo.)

Sasa saa za mkono za bei mbaya, uso wake ni kitu hichohicho. Ufaransa, miaka ya 1630, sonara Jean Toutin alipata njia ya kuchora picha kwa enameli bila moto kuiharibu, halafu ujuzi ukashamiri Geneva. Fundi anaanza na kisahani chembamba cha shaba. Anachekecha unga wa kioo juu yake, anakichoma kwa nyuzi zaidi ya 800, anarudia tena na tena. Mgongo nao lazima upakwe, la sivyo shaba ikipoa inajikunja na kioo kinapasuka. Namba zinachomwa mwishoni. Punje moja ya vumbi ikiingia, doa jeusi, kazi yote inatupwa! Bei inatoka hapo, kwenye zile zilizotupwa. Novemba 2019 kule Hong Kong, Patek Philippe ya 1953 yenye uso wa enameli ya bluu ilinadiwa kwa karibu dola milioni 9. Jamani!

Zamani wanaume walibeba saa mfukoni. Vita ya 1914 ndiyo iliyozihamishia mkononi, maana kwenye mapigano nani ana muda wa kupekua mfuko? Nyingi zilikuwa na uso mweupe wa enameli na namba nyeusi. Vita hiyo ilifika hapa hapa: Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalipigana kwenye vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, yakaingia Moshi, mwisho wa reli iliyotoka Tanga.

Kwetu Marangu ipo moja ya mtindo huo, ya marehemu babu. Mswisi aliichoma 12 pale juu, babu akaisoma saa sita maisha yake yote. Uso una ufa mwembamba kama unywele, lakini bado mweupe kama maziwa, kwa sababu kioo hakipauki. Fundi mmoja wa mjini kamshauri baba mdogo aung'oe, aweke mpya wa bati la kupaka rangi, eti huo "umechoka". Huo mpya ndio utakaochoka!

Baba mdogo anataka kuipeleka Jumamosi. Mimi napanda Marangu Ijumaa jioni, lekcha au hakuna lekcha. Mwenye kumjua fundi saa anayeielewa enameli, Moshi au hata Arusha, anishtue kabla ya hapo.