Grafu ya mihimili (ufundishaji)

Grafu ya mihimili ni mchoro unaoonyesha idadi kwa urefu wa mihimili yenye upana sawa. Mskoti William Playfair alichapisha yake mwaka 1786, akilinganisha bidhaa zilizoingia Uskoti na zilizotoka. Katika shule za msingi Tanzania hufundishwa ndani ya mada ya takwimu.

Lukuledi, wilayani Masasi, zana bora iko chini ya mikorosho. Watoto wapange korosho sakafuni, safu moja kwa kila siku ya kuokota. Hata anayesitasita kuhesabu ataona safu ipi ni ndefu. Ndipo rula na penseli ziingie. Kigumu hasa ni skeli: korosho 40 hazienei ukurasani, kwa hiyo sentimita 1 huwakilisha korosho 5, na mhimili huwa sentimita 8. Mtoto asiharakishwe hapa. Vipimo vya wima vianzie sifuri, la sivyo tofauti ndogo itaonekana kubwa mno.

Newala, juu ya uwanda wa Makonde ambako maji ni ya shida, mvua ya kila mwezi hufaa sana: mhimili wa Januari hurefuka, wa Julai hukaribia kutoweka.