Mgeni na Jembe: Misukosuko ya Watu Wawili wa Pwani Nchini Ujerumani

Habari za watu wetu waliowahi kuishi Ulaya zamani husomwa mara nyingi kwa kicheko. Msomaji hufurahia kuwaona wakiishangaa theluji au wakisumbuliwa na chakula kisicho na viungo. Kisha mhakiki huyatia yote katika kapu moja liitwalo "tofauti za utamaduni". Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kapu hilo limechanganya mambo mawili yasiyofanana: misukosuko itokanayo na ugeni, ambayo mtu huizoea, na ile itokanayo na sheria na mamlaka, ambayo mazoea hayawezi kuiondoa.

Kipimo chetu kitatoka katika lugha yenyewe. Neno mgeni humtaja asiyejulikana, na humtaja pia anayekaribishwa. Methali yasema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi huifasiri kuwa ni onyo kwa mgeni mvivu. Lakini yafaa itazamwe kwa upande wa mwenyeji pia: anayepewa jembe huwa ameingizwa katika shughuli za nyumba, na ugeni wake umeanza kwisha. Jembe, basi, ni mzigo na ni haki.

Tuanze na Sayyida Salma binti Said. Alizaliwa Unguja mwaka 1844, akatoroka kisiwani mwaka 1866, na mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa Aden na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete. Huko Hamburg alijulikana kwa jina la Emily Ruete. Barua zake, zilizochapishwa miaka mingi baada ya kifo chake cha mwaka 1924, zinaeleza baridi, nyumba zilizofungwa, lugha asiyoifahamu, na macho ya watu waliomtazama kama kioja. Hayo yalimwuma, lakini hayakumshinda. Alijifunza Kijerumani hata akaandika kwa lugha hiyo kumbukumbu za maisha yake, zilizotoka mwaka 1886, na humo Wazungu nao wanapimwa, malezi na shule zao zikiwamo.

Msukosuko wa namna ya pili ulimfika mwaka 1870, mumewe alipofariki kwa ajali ya tramu na kumwachia watoto watatu wadogo. Kwa sheria ya Hamburg, mjane hakuachiwa mambo yake peke yake, aliwekewa wasimamizi. Yafaa tukumbuke asemavyo mwenyewe katika kumbukumbu zake: kwamba baada ya kifo cha baba yake mwaka 1856, akiwa na umri wa miaka 12, alitangazwa kuwa mtu mzima na kukabidhiwa urithi wake. Hivyo msichana aliyeaminiwa mali Unguja alikuwa mwanamke asiyeaminiwa mali Hamburg. Hakuna umahiri wa Kijerumani wala wa adabu za mezani ambao ungaliweza kuliondoa jambo hilo.

Mfano wa pili ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu kutoka Bagamoyo. Alifika Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika Chuo cha Lugha za Mashariki, kilichoanzishwa mwaka 1887. Yeye hakungoja siku ya tatu. Jembe alilikuta mlangoni. Mchango wake katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotoka mwaka 1903, ni mkubwa mno, lakini jalada lilimtaja Carl Velten kuwa mkusanyaji na mhariri. Ilipotoka tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa katika anwani.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 mume na mke walisafiri kwenda Afrika Mashariki, nao watawala wa koloni wakawakatalia kushuka pamoja. Ikawabidi warudi Ujerumani. Baadaye Mtoro alifundisha Hamburg, na alifariki mwaka 1927. Ni dhahiri kwamba hapa hapakuwa na tatizo la kutofahamiana. Mtu aliyewaeleza Wajerumani desturi za arusi za Waswahili alizuiwa kwa sababu ya arusi yake mwenyewe. Tena alizuiwa katika pwani ya kwao, mahali ambapo yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji. Alizijua desturi za pande zote mbili kuliko waliomzuia.

Tukiirudia methali yetu, twaona kwamba wote wawili walibebeshwa jembe kama mzigo: mmoja alilea watoto peke yake na kutafuta riziki kwa kufundisha Kiarabu, na mwingine akafundisha lugha yake. Haki iendayo na jembe ndiyo waliyonyimwa.

Hapana budi, basi, sisi tunaozifundisha habari hizi tuwaulize wanafunzi swali moja katika kila tukio: je, msukosuko huu ungalikwisha lau msafiri angaliijua zaidi nchi ile? Ikiwa jibu ni ndiyo, tuzungumzie utamaduni. Ikiwa ni hapana, tutafute sheria iliyokuwapo, tumtafute na aliyeitunga. Swali hilo litawafaa pia wale miongoni mwao watakaokwenda ng'ambo kusoma, ambao kwa kawaida huagwa kwa mawaidha mengi juu ya baridi na chakula.