Mikutano Iliyotangulia

Ukikaa Mkunguni baada ya alasiri, mbele ya ngome ya Lamu, utasikia kila mzee ana maelezo yake ya kwa nini mtambo wa makaa ya mawe haukujengwa Kwasasi, upande wa bara. Mmoja atasema ni dua, mwengine kwamba benki ya China iliishiwa na hamu. Mimi, niliyesomesha historia mpaka nikastaafu, nashikilia kwamba uliangushwa na mikutano iliyofanywa mapema mno.

Mwaka 2013 serikali ya Jubilee nchini Kenya iliahidi kuongeza megawati 5,000 za umeme ndani ya miezi 40, wakati ambapo nchi nzima, hata saa za jioni taa zote zikiwaka, haikutumia megawati 2,000. Lamu ikatengewa megawati 1,050. Kampuni ya Amu Power, iliyoundwa na Centum na Gulf Energy, ikapata zabuni, na benki ya ICBC ya China ikatarajiwa kutoa mkopo kwa mradi wa dola bilioni 2. Makaa yangeletwa kwanza kwa meli kutoka Afrika Kusini, baadaye yachimbwe Kitui. Bomba la moshi lingekwenda juu mita 210, ng'ambo tu ya mji ambao nyumba ya ghorofa tatu huhesabiwa ndefu.

Watu walikuwa wameshaonja mradi mkubwa. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Kibaki alikuja na Salva Kiir wa Sudan Kusini na Meles Zenawi wa Ethiopia kuzindua bandari ya LAPSSET, ushoroba wa uchukuzi wa kuziunganisha nchi hizo na Lamu. Wavuvi waliona kinachokuja, na mwaka huohuo Mohamed Ali Baadi na wenzake wakafungua kesi juu ya bandari hiyo. Iliwachukua mpaka 2018 kupata hukumu ya fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa wavuvi zaidi ya 4,000. Kesi hiyo ilikuwa bado inaendelea NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, ilipotoa leseni ya mtambo Septemba 2016, kwa hiyo Save Lamu, muungano wa vikundi vya kijamii vya huku kwetu, ilishaijua njia ya mahakamani. Miezi miwili baadaye, pamoja na wakazi watano, ilikata rufaa kwenye Baraza la Kitaifa la Mazingira.

Yaliyobishaniwa yalikuwa mengi: maji ya moto yatakayorudishwa baharini, jivu, mikoko, mazalio ya samaki. Nairobi nako kampeni ya deCOALonize, iliyoratibiwa na mwanasheria Omar Elmawi, ilipeleka watu barabarani na mabango. Hayo ndiyo yaliyopigwa picha.

Lakini isidhaniwe Lamu nzima ilisimama upande mmoja. Wako vijana waliotaka kazi, na sikuwalaumu. Kijana asiye na chombo wala shamba humwambii habari za joto la dunia akasahau njaa. Tena serikali yenyewe ilivuruga hoja. Februari 2018 ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma nchini, mikoko ikiwamo. Kwetu, ambako boriti zilikwenda Arabuni kwa majahazi karne na karne, wakataji waliweka mashoka chini kwa jina la mazingira, huku leseni ya mtambo wa makaa ya mawe ikiwa bado halali. Mjomba wangu, mkata boriti toka ujana wake, alilicheka jambo hilo mpaka akakohoa.

Uamuzi ulitoka tarehe 26 Juni 2019, nao ndio ninaousomesha bado kwa yeyote anayekubali kuketi. Baraza lilifuta leseni. Liliona kwamba mikutano ambayo kampuni iliihesabu kuwa ushirikishwaji wa umma ilikuwa ya utambulisho, iliyofanyika kabla uchunguzi wa athari haujakamilika. Watu waliulizwa maoni kuhusu ripoti ambayo haikuwapo; ilipokuwapo, hawakuulizwa. Baraza likaongeza kuwa Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Mwezi uleule balozi wa Marekani, Kyle McCarter, alikuwa akiyatetea makaa hadharani, jambo ambalo halikumsaidia mtu.

Baada ya hapo wenye fedha wakaanza kujitoa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ikasema haitaugharimia, na mwaka 2020 ICBC ikaondoka. Kampuni ilikata rufaa Malindi, katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na Oktoba 2025 rufaa hiyo ikatupwa.

Waliobaki nje ya hadithi hii ni wakulima wa Kwasasi. Ardhi yao ilipimwa kwa ajili ya mtambo, na wakasubiri fidia miaka kadhaa, hawajui kama wapande mazao ya kudumu au wafunge virago. Baadhi yao waliutaka mradi kwa sababu hiyo tu, walipwe wahame. Kwao ushindi wa mjini ulimaanisha kurudi kwenye shamba ambalo kwa muda mrefu hawakuthubutu kulipanda mnazi.